Gauni la Bibi na Kabati Lenye Unyevu

Mable na mumewe, Ronald, waliishi Voi miaka mingi. Kule vumbi jekundu huingia kila mahali. Kwa hiyo Mable alizoea kufunga. Madirisha alifunga, kabati alifunga, na nguo nzuri alizitia kwenye mfuko wa nailoni na kuukaza kwa kamba.

Ronald alipostaafu, walirudi Wusi, milimani walikozaliwa. Huku mawingu hushuka hadi mlangoni. Mable aliendelea kufunga vilevile.

Katika mfuko mmoja aliweka gauni la samawati la marehemu mama yake. Hakuwahi kulifua tangu mazishi. Alipomkumbuka mama, aliufungua mfuko kidogo, akanusa moshi wa kuni na sabuni ya kipande, akaufunga tena.

Mwezi wa nane, binti yao Shanice alisema, "Mama, wageni wa upande wa mchumba wangu wakija Desemba, nataka kuvaa gauni la bibi."

Mable alifungua kabati. Uvundo ulimpiga puani. Gauni lilikuwa na madoa meusi begani. Nyuma ya kabati, ukuta ulikuwa umeota manyoya ya kijivu.

"Lakini hapo nilipaka rangi juzi tu," Ronald alisema. "Tena rangi nzuri."

"Rangi yako imeota ndevu," Mable akamjibu.

Walimwita Rita, jirani yao ambaye ni mhudumu wa afya kijijini. Rita aligusa ukuta kwa kiganja, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Udongo wa mteremko ulikuwa umeegemea ukuta. Mfereji wa paa ulikuwa umepasuka.

"Mama Shanice, hii ni kuvu," alisema. "Huota penye unyevu. Voi ulizuia vumbi. Huku unafungia unyevu ndani."

"Mbona mama hakupata shida hii?"

"Alianika nguo wapi?"

"Kwenye ufito uliotundikwa jikoni juu ya mafiga. Na jua likichungulia tu, zote nje. Sisi watoto tulichoka kuzibeba. Yeye anaimba, sisi tunanung'unika."

"Ndiyo maana zilikauka. Moshi usiurudishe, unaumiza kifua. Rudisha hewa na jua."

"Kwa hiyo nipake rangi tena?" Ronald aliuliza.

"Hapana, baba. Kuvu itatokea juu ya rangi. Kwanza ondoa udongo ukutani, chimba mtaro, tengeneza mfereji. Kisha fungua madirisha, funika pua na mdomo, vaa glavu, na usugue ukuta na kabati kwa maji ya sabuni. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo, usiichanganye na siki wala dawa nyingine. Mvuke wa mchanganyiko huo ni sumu. Mwenye pumu asikae humo. Vikikauka kabisa, rudisha kabati, lakini lisiguse ukuta."

"Na gauni?" Mable aliuliza.

"Lifue, ulianike juani."

"Nikilifua, harufu yake itaisha."

Rita akamjibu, "Itaisha. Usipolifua, kuvu italila gauni lenyewe. Utabaki na mfuko."

Mable alilifua kwa mkono, polepole. Alipofika kwenye upindo, vidole vyake vilikuta mishono ya mama, midogo na iliyonyooka. Alisimama hapo kwa muda, mikono ikiwa majini. Kisha akasuuza.

Ronald alichimba mtaro. Mvua za vuli zilinyesha sana, na ukuta ukabaki mkavu. Nguo zilikaa kabatini bila nailoni, na siku za jua milango yake iliachwa wazi.

Desemba wageni walikuja. Doa moja hafifu lilibaki begani, lakini hakuna aliyeliona. Shangazi mmoja wa Mable, aliyelikumbuka gauni lile, alimtazama Shanice mlangoni, akafuta macho.

Jioni Shanice alivua gauni, akalikunja, akaelekea kabatini.

"Lipe hewa kwanza," Mable alisema.

"Mama, ni kavu."

"Umelivaa ukicheza ngoma tangu saa saba, lina jasho. Litundike dirishani."

"Sasa unaongea kama bibi."

"Naye alinichosha hivyo hivyo," Mable alisema, akampa hanga.