Kwa Nini Dastani Hakuweza Kumeza

Tangu Severina aende Chiwata kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, nyumba ya Dastani pale Kitangari ilipoa. Mchana Dastani alipalilia mikorosho. Binti yao, Ida, alishaolewa mbali, kwa hiyo jioni Dastani alikaa barazani peke yake, akimkumbuka mkewe.

Severina alipiga simu kila jioni. Mwanzoni walizungumza mpaka salio likaisha. Siku hizi Dastani alijibu tu, "Sijambo. Lala salama," akakata. Alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini kila neno lilimchoma kooni.

Siku moja jirani yake, Mama Faridi, alifika na bakuli. Mama huyu ni mhudumu wa afya kijijini. Alijua kwamba Dastani na mkewe wanaishi na VVU, na siri yao aliitunza.

"Hodi, Baba Ida! Nimekuletea ming'oko, bado ya moto."

"Karibu, Mama Faridi. Ahsante."

Dastani alitafuna kipande kimoja cha mizizi hiyo ya porini iliyochemshwa. Alipomeza, machozi yalimtoka.

"Kulikoni?"

"Koo, mama. Kama nimemeza miiba. Nadhani kuna mtu amenitupia kitu."

"Hebu fungua mdomo."

Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda.

"Dawa zako za VVU unameza?"

Dastani aliinama. "Niliacha. Hazipiti."

"Hujarogwa, Baba Ida. Hii ni fangasi. Wengi wetu tunayo mdomoni na haitudhuru. Kinga ya mwili ikipungua, inapata nafasi, inashuka mpaka kooni. Inatibika. Lakini ukikaa bila dawa za VVU, kinga inazidi kushuka, na magonjwa mengine yanaingia: kuhara kusikokoma, homa, kichwa kuuma sana. Usingoje hayo. Kesho twende kituo cha afya."

Walikwenda. Daktari alimpima Dastani, akampa vidonge vidogo vya fangasi na kumwonyesha namna ya kuvimeza taratibu kwa maji.

"Vimalize vyote, hata ukipata nafuu," alimwambia. Kisha akampangia namna ya kurudia dawa za VVU. "Na siku nyingine dawa ikikushinda, usiiache kimyakimya. Njoo tusaidiane."

Maumivu yalipungua, kisha yakaisha. Jioni ya siku yalipoisha, Dastani alipiga simu mwenyewe, akamweleza mkewe yote.

"Nilidhani umenichoka," Severina alisema. "Nililala nikijiuliza nimekukosea nini."

"Nisamehe, Mama Ida. Nilitamani sana kuzungumza na wewe."

"Sasa dawa unameza?"

"Nameza kila siku."

"Mama ameanza kutembea kwa fimbo. Jumamosi nakuja."

Jumamosi Dastani alikuwa stendi tangu asubuhi. Severina aliposhuka, alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Umekonda," alisema, akamshika mkono mbele za watu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Dastani alizungumza, na Severina hakumkatiza hata kidogo.