Chupa ya Pili

Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, ndiyo maana walivuka. Binti mpimaji alitangulia na chupa zake, mjomba wake nyuma na kamba. Viatu waliviacha ukingoni, simu garini. Kila wiki walichota maji ya kupima katikati ya mto, chini ya banio, ule ukuta unaoyageuzia maji mferejini.

Chupa ya kwanza ilijaa maji safi. Ya pili ikatoka na tope na majani.

"Mjomba, andika: yamechafuka."

"Nimeandika."

Wakaandika, jamani! Tope bila mvua ni nini, kama si maji yanayokuja? Kule juu mfereji ulikuwa umezibwa na takataka, mlinzi wa banio akaufunga, mto wote ukarudi njia yake. Alipiga simu kuwaonya. Ikaita garini, peke yake.

Ukasikika mngurumo. Walikimbilia jiwe lenye ubao wa kupimia kina. Binti akateleza, goti likachanika. Mjomba akamfunga kamba kiunoni, akaizungusha kwenye chuma cha ubao.

"Soma."

"Mita moja na ishirini."

Jiwe huzama maji yakifika moja na sabini. Wote wawili walijua.

"Moja na arobaini. Mjomba, nina kiu."

"Hayo ya matope acha, yameosha mashamba yenye dawa. Ile ya kwanza iko wapi?"

Ilikuwa kifuani mwa binti. Wakanywa funda moja moja.

"Tumekunywa kazi," mjomba akasema. "Dada yangu akisikia, heri haya mafuriko."

Binti alicheka, meno yakigongana. Maji yalishalamba vidole vya miguu.

"Sitini na tano."

"Soma tena."

"Sitini na nane. Mjomba, usiniachie!"

"Soma, mwanangu."

Binti akaukodolea ubao macho. "Bado sitini na nane." Akafuta maji usoni, akatazama tena. "Sitini na saba!"

Mlinzi alikuwa ameshuka na pikipiki, akakuta jozi mbili za viatu bila wenyewe. Alirudi mbio kuufungua mfereji, na takataka zake zote.

Goti limepona. Juzi bomba la jikoni lilitoa maji ya udongo kidogo, na binti akawa ameshatoka nje, sufuria imeanguka chini. Mjomba alikuwa mbele yake, pekupeku.

Mama mtu hakucheka. Nanyi wenye watoto mtoni, waambieni: maji yakibadilika rangi, kimbia kwanza. Utaandika ukiwa ukingoni.