Maharage Yanayopanda Ndege

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, na umande ulikuwa mzito. Jua lilichelewa kutoka.

Mama Pacha alisimama kando ya shamba, mikono kiunoni, akisubiri. Maharage machanga yalikuwa tayari kuchumwa. Ni yale membamba ya kijani, yanayoliwa pamoja na maganda yake. Lakini hakuyagusa. Alifundishwa kwenye semina ya kikundi chao cha wakulima kwamba maharage yenye umande hayachumwi. Basi alisubiri umande ukauke, huku akisali kimoyomoyo.

"Ee Mungu, kama huu ni mtihani, mimi nimeshafeli. Naomba majibu tu."

Alikuwa na sababu ya kusali hivyo. Maharage yao yaliuzwa nje ya nchi. Yalitoka shambani yakaenda kwenye kituo cha kukusanyia mazao, kisha kwenye ghala la mjini, kisha yakapanda ndege. Kila kreti ilibandikwa namba ya familia iliyoyachuma. Juma lililopita, kreti zenye namba yao zilikataliwa kule ghalani. Zilipofunguliwa, maharage ya katikati yalikuwa yameoza.

Jua likatoka, umande ukakauka. Mama Pacha alinawa mikono kwa sabuni. Alichuma taratibu, akajaza kreti safi, akazipeleka kibandani nyuma ya nyumba, penye kivuli. Mama mkwe wake alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, tayari kuchambua. Watu wote walimwita Bibi. Aliuza mboga sokoni tangu ujana wake, na mikono yake ilikuwa myepesi ajabu.

"Niachie hapa," alisema Bibi. "Nenda kawape pacha chakula kabla hawajala viatu."

"Asante, mama."

Baadaye Baba Pacha, ambaye ni fundi baiskeli, alizifunga kreti kwenye baiskeli yake akazipeleka kituoni. Mama Pacha akashusha pumzi. Alisema moyoni, safari hii hapana.

Alhamisi Baba Pacha alirudi kutoka kituoni amekunja uso.

"Usiniambie yamerudishwa," Mama Pacha alisema.

"Hayajarudishwa. Yametupwa huko huko. Wanasema yana ute na kuvu."

"Tena?"

"Tena. Na wamesema yakikataliwa mara ya tatu, namba yetu inafutwa kwenye kikundi."

Mama Pacha alikaa chini puu. Shamba lote walikuwa wamepanda maharage hayo. Na maharage hayo hayamsubiri mtu. Ukichelewa kidogo tu, yanakuwa magumu, na mnunuzi wa nje hayataki. Kikundi kikiwafuta, wangeyachuma wampelekee nani?

"Labda kuna watu wanatuonea wivu," alisema Baba Pacha.

"Nani akuonee wivu? Rubani?"

"Basi ni wewe. Unachuma na umande."

"Mimi? Mimi ninayesimama pale kila asubuhi kama nguzo ya umeme? Baba Pacha, usinitie wazimu!"

"Sijakutia mimi. Nilikuoa ukiwa nao."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Siku hiyo alijifunga kanga, akaenda kituoni kwa miguu, akamkabili mkaguzi. Mkaguzi huyo wa mazao alikuwa dada mpole mwenye koti jeupe na buti za shambani.

"Dada yangu, mimi nimechoka," alisema Mama Pacha. "Njoo nyumbani unitazame tangu nachuma hadi kreti zinaondoka. Ukinikuta na kosa, nifute siku hiyo hiyo."

"Nitakuja," alisema mkaguzi. "Nami nataka kujua."

Alikuja Jumamosi. Alisubiri umande ukauke pamoja na Mama Pacha. Alitazama anavyonawa mikono. Alikagua kreti, akazikuta safi. Maharage yalipofikishwa kibandani, Bibi akaanza kuchambua kama kawaida. Mkaguzi akaomba kuona dawa ya wadudu, basi wakaingia ndani.

"Ulipuliza lini?" aliuliza mkaguzi, akiwa ameshika chupa.

"Kabla ya maua kuwa mengi. Na kabla ya kuchuma nilingoja siku zote zilizoandikwa hapo. Sikupunguza hata moja."

"Vizuri sana. Mama Pacha, kwa kweli sioni kosa."

"Si ndiyo nasema! Sasa kwa nini yanaoza? Kwa nini yangu tu?"

Walirudi kibandani. Bibi hakuwepo pale. Mkaguzi aliinama kwenye kreti iliyokwisha kuchambuliwa, akazamisha mkono hadi katikati. Alipoutoa, ulikuwa umelowa.

"Hii ni nini?"

Mama Pacha alikodoa macho. "Maji? Haiwezekani! Umeniona nimesubiri yakauke!"

"Nimekuona."

"Sasa yametoka wapi? Mbinguni?"

"Yametoka kwenye pipa," alijibu Bibi.

Alikuwa anatokea nyuma ya kibanda. Mkononi alishika kopo la bati alilolitoboa matundu kwa msumari. Kopo lilikuwa linadondosha matone.

"Nipisheni kidogo. Bado kreti moja sijaipa maji."

Mama Pacha aligeukia ukuta akaegemeza paji la uso.

"Mungu wangu," alinong'ona, "uzuie mdomo wangu." Kisha mdomo ukafunguka. "Mama! Mimi nangoja umande ukauke, wewe unauleta kwa kopo? Kila siku?"

"Kila siku. Wewe unayaacha yamekauka koo kama yatima. Nikiyanyunyizia, yanang'aa. Mboga zangu sokoni ziling'aa hivyo hivyo, na hakuna mteja aliyenirudishia hata jani. Au leo mimi ndiye mjinga?"

Alisema hivyo huku amelikumbatia kopo lake. Mkaguzi akasogea karibu, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunifokea?"

"Hapana, bibi. Nina swali tu. Mteja wako wa sokoni aliponunua mboga asubuhi, alizipika lini?"

"Mchana huo huo. Angengoja nini?"

"Basi ulifanya sawasawa. Lakini huyu anayekula maharage haya yuko mbali. Maharage yanapanda gari, yanalala ghalani, yanapanda ndege, yanalala tena dukani. Siku zote hizo yamefungwa ndani ya boksi. Na maharage yakishachumwa huendelea kupumua na kutoa joto. Ukichanganya joto na maji ndani ya boksi, unapata nini?"

Bibi alifikiri. "Jasho."

"Na jasho linaleta kuvu. Ya juu yanakauka njiani, kwa hiyo yakifika kituoni yanaonekana mazuri. Ya katikati hubaki na maji. Na sisi kituoni tulikosea. Tulitazama ya juu tu, hatukuingiza mkono."

"Maneno mazuri," alisema Bibi. "Lakini mimi sijaona kwa macho yangu."

"Mama, jamani!" Mama Pacha alipaza sauti.

"Mwache," alisema mkaguzi. "Ana haki ya kuona."

Walichukua mabakuli mawili yenye vifuniko. Katika moja waliweka maharage makavu. Katika lingine Bibi mwenyewe alinyunyizia maji yake, wala hakuyafanyia ubahili. Waliyafunika, wakayaweka pamoja juu ya kabati. Kreti zilizolowa hazikwenda kituoni siku ile. Mama Pacha aliyatoa maharage yote, akawapa majirani wayapike mchana huo. Alikuwa anagawa huku anaguna, maana hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi nzima.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama Pacha alijibu kila mtu kwa mkato. Bibi hakushika maharage wala hakushika mazungumzo. Kila alipopita karibu na kabati, alitupa jicho juu.

Mkaguzi aliporudi, waliyashusha mabakuli mezani. Bibi alifungua la makavu kwanza. Maharage yalikuwa ya kijani. Alivunja moja, likalia kah! Akafungua la pili. Harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Maharage yalikuwa yamelegea, yana ute, na kuvu nyeupe imeyatambalia.

"Funika," alisema Bibi. "Funika upesi."

Alilisukuma bakuli mbali. Kisha akamtazama mkwe wake. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mama? Semina ilisema..."

"Semina uliitwa wewe. Mimi sikuitwa. Ulirudi na vyeti na kofia. Ulisema, 'Mama, tuchambulie.' Nami nikachambua kama ninavyojua."

Mama Pacha alikumbuka majuma yote aliyogomba. Alimgombeza mume wake, alimgombeza mkaguzi, alimlalamikia hata Mungu. Lakini hakuwahi kukaa na huyu mama, ambaye mikono yake ndiyo iliyoshika kila haragwe, na kumweleza safari ya maharage hayo.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niliyajua peke yangu."

"Yameisha. Sasa nieleze yote. Na usiharakishe, mimi si pikipiki."

Walikaa kibandani wakaelezana. Mikono isafishwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe kabla ya kugusa maharage. Kreti zikae kivulini, juu ya mbao, si chini kwenye udongo. Haragwe lililovunjika au lenye doa litolewe. Maji yasiguse maharage kamwe. Kopo la matundu likahamia kwenye bustani ya mchicha, na huko likafanya kazi nzuri.

Kreti zilizofuata zilichambuliwa na Bibi. Alipitia kila moja kwa mkono mkavu hadi chini. Baba Pacha alipokaribia akiwa ametoka kunawa, alipigwa kofi mkononi.

"Kakauke kwanza!"

Safari hiyo ghala lilizipokea kreti zote. Safari iliyofuata likazipokea tena. Namba yao haikufutwa.

Wanakikundi walipokutana kituoni, mwenyekiti aliwakumbusha desturi yao. Familia ambayo mazao yake yalikataliwa husimama mbele ya wenzao na kuahidi. Mama Pacha akaanza kuinuka. Bibi akamshika kanga.

"Kaa. Kosa lilikuwa na mikono, na mikono ni hii."

Alisimama, akaiinua ili wote waione.

"Nasema mbele yenu nyote, na Mungu ananisikia. Maharage ya nyumba yetu hayataguswa na tone la maji nikiwa macho. Na mtu yeyote atakayekuja kutusaidia, awe mtoto, awe mgeni, nitamketisha nimweleze kwanza, ndipo ayaguse. Naahidi."

"Na ukilala, Bibi?" Baba Pacha alidakia.

"Nikilala, nitalilalia kopo. Na hilo pia naahidi."