Nukta Zilizo Juu ya Mstari

Duka la kuchapishia lilikuwa limefurika watu. Upepo wa feni ukairusha grafu ya mtakwimu wa hospitali hadi kwenye viatu vya kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali. Akaiokota.

"Dada, mbu wote hawa wanakwenda wapi?"

"Si mbu hao. Kila nukta ni safari ya gari la wagonjwa. Kwenda kulia ni umbali, kwenda juu ni dakika."

"Basi mbu mmoja ni mimi," alisema. Alikuwa dereva wa gari hilo.

Mapenzi hayana breki. Simu zikawa haziishi. Dereva akamwita mtakwimu Mama Nukta, naye akaitwa King'ora.

Kisha kikafika kikao cha hospitali kuhusu magari ya wagonjwa. Mtakwimu alikuwa ametunga mlinganyo na kuchora mstari wa dakika zinazotarajiwa kwa kila umbali. Nukta za gari moja zilining'inia juu ya mstari, yaani gari hilo huchelewa. Mtakwimu aliyajua magari kwa namba tu. Mganga mkuu alipouliza dereva wa gari hilo ni nani, King'ora akasimama, akanyang'anywa funguo palepale.

Jioni mtakwimu alipompigia, King'ora alipokea simu mara moja tu. "Umenianika mbele za watu, mpenzi. Na mimi sichelewi."

Roho ilimuuma mtakwimu. Akarudi kwenye ramani, na hapo akaliona kosa lake. Umbali aliupima kwa rula, moja kwa moja, kama vile gari lina mbawa. Kumbe eneo analohudumia King'ora limekatwa na reli, na dereva hana budi kwenda mpaka darajani ndipo akate kona. Njia hizo zilifanya pembetatu: yeye alipima upande mmoja mrefu, mwenzake akiendesha pande mbili. Akazipima upya safari za magari yote kwa kufuata barabara, akachora mstari mpya. Nukta za King'ora zikashuka chini ya mstari, chini kuliko za dereva yeyote.

Akaomba kikao kingine. Alivaa gauni lake la kijani, akasimama wima.

"Kosa ni langu," alisema. "Hesabu haikudanganya, mimi ndiye niliyeilisha umbali usio wake. Huyu ndiye dereva wenu mwepesi kuliko wote."

Mganga mkuu alimrudishia King'ora funguo kwa mkono wake.

Nje, King'ora akapiga simu, makusudi mtakwimu asikie. "Mama, yule aliyenikosea mbele za watu amejisahihisha mbele za watu. Jumapili namleta. Ndiyo, wa kuoa."

Mtakwimu akajifuta machozi, akacheka. "Kwa mama ni mbali?"

"Kwa barabara, kidogo. Rula iache ofisini, mke wangu."