Shavu la Pili la Bibi Kabagwira

Shyaka wa Kibagabaga, Kigali, alikuwa kijana wa kudharau. Alidharau chakula cha nyumbani, alidharau wenzake wa chuo, na zaidi ya wote alimdharau bibi aliyemlea, mzee Kabagwira, aliyerudi na familia kutoka Karagwe ya Tanzania na Kiswahili chake na salamu zake za ng'ombe. Chuoni Shyaka alijifunza kuunda sanamu za kompyuta, zile zinazogeuka kwenye skrini na kutembea kama watu. Alikuwa amesoma kidogo tu, lakini alivyojisikia ungedhani ni yeye aliyemfinyanga Adamu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kila asubuhi Bibi alikaa kibarazani kuota jua. Kiharusi kilikuwa kimeuangusha upande wake wa kushoto: shavu limeshuka, jicho limelegea, mkono umekufa. Hata pumzi ilimtoka kwa kona moja tu ya mdomo, ile ya kulia, chini ya shavu lenye chunjua nyeusi. Shyaka akipita na begi lake, Bibi alimpa salamu ya kale ya Wanyarwanda ya kumtakia mtu mifugo mingi.

"Amashyo, mjukuu wangu."

Mtu hujibu, "Amashongore." Hata mtoto wa chekechea anajua. Shyaka hakujibu hata siku moja. Ng'ombe gani, Kigali hii ya lami na maghorofa?

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa kuunda uso wa mtu aliye hai, upepese macho na kupumua. Mwalimu wao, Anyango, mwanamke wa Kisumu asiyependa utani, aliwaonya wasitumie amri ya kioo. Hiyo ni amri ya wavivu: unaunda nusu ya uso, kompyuta inakunakilia nusu ya pili.

"Hakuna mtu ako na pande mbili sawa," alisema. "Na mwenye uso aombwe ruhusa."

Shyaka aliomba, kwa midomo tu. Bibi alikubali kupigwa picha, ila kwa sharti moja.

"Si nikiwa nimelala. Aliyelala hayuko nyumbani. Ukichukua uso wake, akirudi ataingia wapi?"

Mjukuu alicheka mpaka akashika mbavu. Jumamosi baada ya chakula, Bibi aliposinzia mkekani, alimzunguka na simu akampiga picha kila upande. Akiwa macho angemfaa nini mzee msemaji kama yule? Akiwa amelala alikuwa hatikisiki.

Kisha akaketi kwenye kompyuta. Upande wa kulia aliuunda vizuri, haki yake apewe. Wa kushoto ulimchukiza. Akabonyeza amri ya kioo, na uso ukakaa sawa, mzuri, na chunjua mbili, moja kila shavu. Aliziona. Akaona uvivu kuifuta moja. Akaupa uso mifupa ya kuuchezesha, halafu akaufumbua macho.

Kule mkekani Bibi hakuamka mpaka jioni.

Asubuhi ya kuonyesha kazi, Shyaka yuko mbele ya darasa, simu ikalia. Alikuwa Alida, binamu yake anayemtunza Bibi.

"Rudi nyumbani," Alida alinong'ona. "Bibi iko vizuri."

"Si ndiyo mnataka?"

"Iko vizuri sana. Inafagia na mkono ya kushoto. Shyaka, iko na chunjua mbili."

Akamkatia simu. Wajinga wasimharibie siku yake.

Akawasha kazi yake. Kichwa cha Bibi kikatokea ukutani, kikubwa, kikapepesa macho. Darasa likapiga makofi. Kisha shavu la kushoto likaanza kushuka. Polepole. Likafuata jicho. Ikafuata kona ya mdomo.

"Hii miondoko umeiweka wewe?" Anyango aliuliza.

"Ndiyo," akasema. Mwongo mkubwa. Hakuwa ameweka chochote.

Kichwa kikageuka. Kikamtafuta darasani. Kikampata.

"Amashyo, mjukuu wangu."

Sauti ilitoka kwenye spika, na ile kazi haikuwa na sauti. Makofi yalikufa. Lusekelo, Mtanzania aliyekaa naye dawati la mbele, alimvuta shati.

"Mjibu," alinong'ona.

"Nijibu kompyuta? Mbele ya watu?"

"Amashyo." Safari hii ilikuwa sauti ya mtu anayeomba afunguliwe mlango. Mdomo ukabaki wazi, ukisubiri. Neno moja tu lingemtosha yule mzee. Lakini mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, na Shyaka hakuwa mtu wa kuchekwa. Akabonyeza kufuta. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika, lini alikosa?

Alifika nyumbani akakuta majirani wanaimba mapambio ya kushukuru muujiza. Bibi alisimama katikati yao, wima, ufagio mkono wa kushoto, uso sawa kama sinia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Shyaka alitangulia kusalimu.

"Amashyo, Bibi."

Yule mwanamke alimtazama. Kona mbili za mdomo zikapanda pamoja.

"Amashyo, Bibi," akajibu.

Mlangoni, Alida alijiziba kinywa.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye huyu. Alikimbilia kwa fundi mmoja wa mtaa wa Rwezamenyo amrudishie kazi aliyoifuta. Fundi akapekua, akasema humo hamna kitu. Chuo ameacha. Anaogopa hata kuifungua ile kompyuta, kwa hiyo Alida ndiye anayeifungua, kila asubuhi, wakati ufagio unasikika uani. Betri ilitolewa zamani. Skrini ni nyeusi. Lakini kwenye kioo huwa pana ukungu mdogo, kama wa pumzi ya mtu, unakuja na kupotea, unakuja na kupotea, upande mmoja tu.

Shyaka husimama nyuma ya mlango na kusema "Amashongore." Sasa ndiyo anajua kujibu.

Alida huufuta ule ukungu kwa pindo la kitenge chake. Haufutiki. Uko upande wa ndani.