Kufuli la Orest

Kila asubuhi Lorna Hladun alimfungashia mumewe mkate wa nyama, chupa ya kahawa na peremende. Peremende zilikuwa za kuficha harufu ya vodka. Orest aliendesha msumeno katika kiwanda cha mbao, huko British Columbia, Kanada. Akishindwa kuamka, Lorna alipiga simu kiwandani na kusema, "Ana mafua."

Jumamosi moja mchana, Wendell, mwenzake Orest wa zamu, alileta samaki aliowavua chini ya barafu. Orest alikuwa anakoroma kwenye kochi.

"Bingwa anakata magogo hata usingizini!" Wendell akacheka. "Mwambie siku nyingine atumie kufuli lake, aache langu."

"Kufuli lipi?"

Kicheko kikakatika. Kiwandani kila mtu ana kufuli lenye jina lake. Gogo likikwama, unazima umeme, unafunga swichi kwa kufuli lako na ufunguo unautia mfukoni. Ndipo unaingiza mkono. Hakuna atakayewasha msumeno ukiwa ndani.

"Alisahau," Wendell akasema. "Mkono ndani, swichi wazi. Nikakimbia kufunga la kwangu. Usijali, shemeji, sisi tunamfichia siri. Akija amelewa, tunampa fagio. Bosi hajui kitu."

"Na siku usipokuwepo?"

Wendell akaweka samaki mezani, akaaga.

Lorna alitoka hata bila kofia. Jirani yao, Yvette Castonguay, mwakilishi wa usalama katika chama cha wafanyakazi, alikuwa anazoa theluji mlangoni. Lorna akamweleza yote.

"Nikisema, watamfukuza. Nikinyamaza, atakatika mkono," akamalizia.

Yvette akachomeka koleo kwenye theluji. "Sikiliza, dada. Ulevi wa namna hii ni ugonjwa, na sheria yetu inauhesabu kama ulemavu. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu tu anaumwa. Lazima ajitahidi kumpa nafasi ya kutibiwa, na kazi ya mbali na msumeno ikiwezekana."

"Kwa hiyo analindwa?"

"Analindwa mgonjwa anayetibiwa. Sheria haimpi mtu ruhusa ya kulewa kazini. Na aseme kabla ya ajali. Akisubiri damu imwagike, kumtetea kutakuwa kugumu mno. Ninyi mnaomfichia siri mnamchelewesha tu."

Orest alipoamka, Lorna alimwambia aliyoyasikia.

"Unataka mji mzima unicheke?" akafoka.

"Wacheke. Jumatatu sipigi simu ya mafua."

Orest akatazama mikono yake. "Yvette atakuja na mimi?" akauliza.

Jumatatu waliingia pamoja kwa meneja. Meneja alikunja uso, akataka maelezo ya daktari, kisha akakubali. Orest alipewa likizo ya matibabu. Hakujiachisha pombe peke yake nyumbani. Daktari alionya kwamba kuikata ghafla bila uangalizi kunaweza kuua. Orest aliporudi kazini aliwekwa kwenye uwanja wa kiwanda kuhesabu mbao, akipimwa pombe mara kwa mara. Mara moja alishindwa kujizuia, akanywa. Safari hii alisema mwenyewe, akarudi kwa daktari.

Theluji ilikuwa imeyeyuka na kuanguka upya aliporuhusiwa kurudi kwenye msumeno. Siku hiyo Lorna hakutulia. Kila simu ilipolia, aliikimbilia.

Jioni Wendell akapiga simu.

"Shemeji, mumeo ana kelele!"

"Kuna nini?" Lorna akashika meza.

"Gogo limekwama, mimi nanyoosha mkono. Akanidaka kola. 'Wendell, kufuli lako liko wapi?' Nilikuwa nimelisahau kwenye gari!"