Mwanahawa Si Marehemu

Siku yenyewe ilianza vizuri. Gari la mradi lilitoka Dodoma mapema, na jua lilikuwa bado la upole walipofika kwenye kile kijiji cha vilimani, juu ya Kondoa. Wanawake walikuwa wameshatandika khanga chini ya turubai, wanaume wamekalia madawati yaliyotolewa darasani. Mifuko ya mbegu za alizeti na mtama ilipangwa ukutani. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana, na kila mtu alitaka mbegu yake aende zake kutifua.

Shamimu ndiye aliyekuwa na orodha. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, na chuoni walimwita Wakili. Kwenye midahalo aliwahi kutetea hoja asubuhi akashinda, jioni akapewa upande wa pili wa hoja ile ile akashinda tena. Watu walipiga meza, yeye akarekebisha ushungi wake na kuketi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama alikuwa anaamini alichokisema. Kwani nani anauliza mambo hayo?

Faili lake la kompyuta lilikuwa na shiti nyingi. Kila kitongoji kilikuwa na shiti yake: namba ya kaya, jina, na hali ya mtu, yaani hai, marehemu au amehama. Shiti ya mbele ndiyo iliyozikusanya zote. Shamimu aliiandikia fomula: chukua namba hii, nenda kwenye shiti ya kitongoji chake, shuka na safu mpaka uikute, rudi na hali ya mwenyewe. Mwisho wa fomula ile huwekwa neno moja dogo la kuiamuru kwamba namba isipopatikana kamili, iseme haijapatikana. Alipoliweka, shiti ya mbele ilijaa alama za #N/A kama upele. Zilimkera. Bosi wake, Loisi, alikuwa anakwenda kuwaonyesha wafadhili. Kazi ya kwanza ya mtu, ikaonekane na mapengo?

Akaliondoa lile neno.

Tangu hapo fomula ikikosa namba ilichukua hali ya jirani yake wa karibu. Shiti ikang'aa, hakuna pengo hata moja. "Dada, hii ndiyo kazi safi," Loisi akasema.

Sasa, pale kijijini kabla ya kugawa kitu huwa wanahakiki. Mwenyekiti Hamidu alisimama na karatasi zilizochapwa kutoka kwenye faili, akasoma majina kwa sauti. Aliye hai alinyoosha mkono. Likisomwa la marehemu, umati mzima uliitikia, maana hapo jina la maiti halipiti hivi hivi.

"Mwanahawa Yahaya," Hamidu akasoma. "Marehemu."

"Innalillahi wainna ilaihi rajiun."

Kisha vichwa vikageuka. Maana mwanamke aliyekaa mbele kabisa, mwenye mfuko mtupu mapajani, naye alikuwa ameitikia pamoja nao. Ni mazoea tu. Alikuwa Mwanahawa Yahaya mwenyewe.

Turubai likalipuka kwa kicheko.

"Ee mwenyekiti, umeniua na uji wangu sijamaliza!" Mwanahawa akasema, akisimama. "Na pilau langu mmekula wapi, enyi wachoyo?"

"Mwalimu, hebu tazama hapo," Hamidu akamgeukia Shamimu huku akijifuta machozi ya kicheko.

Shamimu akatazama. Aliona papo hapo. Mwanahawa alihama kitongoji cha juu baada ya kuachika, akarudi kwao bondeni. Namba yake ilikuwa kwenye shiti ya bondeni. Fomula iliitafuta kwenye shiti ya juu, ikaikosa, ikachukua hali ya jirani: mzee Khalidi, aliyezikwa mwaka jana. Lilikuwa jambo la kusema maneno mawili. *Nimekosea mimi.* Mawili tu, jamani.

Lakini Loisi alikuwa pembeni na mgeni wa wafadhili, na wote wawili walikuwa wanamtazama.

Wakili akasimama.

"Mfumo unasoma taarifa zilizoletwa na kijiji," alisema, sauti ile ile ya ukumbini. "Kama imeandikwa amefariki, basi aliyeleta habari hiyo yumo humu."

"Mwanangu, lakini mimi si huyu hapa?"

"Nani anathibitisha kuwa wewe ndiye Mwanahawa Yahaya? Kitambulisho unacho?"

"Kiko nyumbani."

"Basi kwa sasa ushahidi uliopo ni huu. Nami siwezi kuacha ushahidi nikashika maneno."

Kuna walioguna. Kuna waliopiga makofi. "Wasomi hao!" mmoja akapaza sauti. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Hamidu akasoma jina lililofuata.

Mwanahawa alibaki amesimama, mfuko mkononi. "Sasa mimi niende wapi?" akauliza.

Hakujibiwa. Shamimu aliinua macho, na kitu kikamkaa vibaya. Watu hawakuwa wamempuuza yule mama. Waliangalia pale pale aliposimama, na macho yao yalipita kana kwamba hapana mtu.

*

Kwenye gari alifungua faili haraka, akarudisha lile neno dogo. Alama za #N/A zikajaa tena, ila mstari wa Mwanahawa ulibaki na neno lake. MAREHEMU.

Haiwezekani. Kwa fomula kamili, neno hilo lingerudi tu kama namba ya Mwanahawa ingekuwemo kwenye shiti ya juu. Akaenda kutazama. Ilikuwemo. Chini kabisa, mstari ambao hakuuandika yeye.

Akaufuta. Kesho yake ofisini aliukuta kwenye shiti ya kitongoji cha pili. Akaufuta. Ukawa kwenye cha tatu. Alipofungua faili za wilaya nyingine, Mvumi kule Chamwino, hadi Mlali kule Kongwa, mahali ambapo yule mama hajawahi kukanyaga, alikuta mstari ule ule chini ya kila shiti. Jina, namba, hali.

Alifunga kompyuta na kukaa amekishika kifuniko, kana kwamba kitafunguka chenyewe.

Adhuhuri moja, joto limewanyamazisha watu wote, simu iliita. Shamimu akapokea.

"Mwanangu wa mbegu," sauti ikasema, ya chini. "Nimepiga hodi kwa Asma, binti yangu wa kumzaa. Yuko ndani, namwona anachambua mlenda. Haitiki."

"Mama, nimesharekebisha kwenye mfumo."

"Mimi kwenye mfumo sikai. Nakaa na watu. Njoo useme ulikosea. Pale pale waliponiitikia."

"Nina ripoti wiki hii. Nikimaliza..."

"Unaongea na nani?" Loisi akauliza kutoka meza ya pili.

"Simu."

"Simu yako si hii? Umeniletea niichaji."

Shamimu alishusha mkono kutoka sikioni. Kiganja kilikuwa kitupu.

*

Angekwenda siku hiyo hiyo. Mtu mwenye haya angekwenda. Yeye alimaliza ripoti kwanza, akaiwasilisha, akapongezwa. Ndipo akapanda basi la Kondoa, kisha bodaboda hadi kijijini, akafika jua limesimama utosini. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Mashamba yote yalikuwa yameota, isipokuwa kipande kimoja bondeni, chekundu, kitupu.

Alimkuta Hamidu barazani kwa muuza duka, na watu kadhaa. Mmoja alikuwa mwanamke kijana mwenye huzuni usoni. Walimwita Asma.

"Mwenyekiti, nimekuja kwa ajili ya Mwanahawa."

"Ahsante kwa kuja kutupa pole, mwalimu," Hamidu akasema. "Tulimzika Ijumaa iliyopita."

"Mlimzika nani?"

"Mwanahawa."

"Mlimwona? Mlimwosha?"

Hamidu alitazama chini. "Jeneza lilikuwa jepesi," alisema polepole. "Nilisema moyoni, labda ni njaa. Na sanda ilibaki nyingi."

"Hajafa!" Shamimu akasema. Akaeleza. Shiti ya juu, shiti ya bondeni, neno alilolitoa ili kazi ionekane safi. "Nilikosea mimi. Nilijua palepale, nikanyamaza. Sikutaka kuaibika mbele ya wageni." Alilisema hatimaye, mbele ya watu, na uso ukamwaka. Hakuwahi kuongea kwa ukweli kiasi kile maishani mwake.

Wakamtazama kwa huruma. Ile huruma ya kumtazama mtu aliyechezewa akili.

"Mwalimu," Hamidu akasema kwa upole, "siku ile ulituambia huwezi kuacha ushahidi ukashika maneno. Sisi tuna kaburi. Wewe una nini?"

Akafungua mdomo.

Ndipo alipomwona.

Mwanahawa alikuwa anapanda kutoka bondeni, mfuko mtupu begani. Vumbi jekundu limemfika magotini. Alipita katikati yao taratibu. "Mmeshindaje?" Kimya. "Bwana Hamidu, mmeshindaje?" Kimya. Alisimama mbele ya binti yake, akamtengenezea mtandio uliokaa upande. Asma aliupangusa, kama anayefukuza nzi.

Kisha akaja kwa Shamimu, akanyoosha mkono.

"Afadhali umekuja. Hata shikamoo, mwanangu?"

Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Shikamoo. Lingetosha. Mtu mmoja wa kumwitikia, mbele yao, pengine lingetosha kumrudisha.

"Dada," Asma akanong'ona. "Unatazama nini hapo?"

Macho yote yalikuwa kwake. Alijiona kama wanavyomwona. Msomi wa Dodoma, amesimama juani, anaamkia hewa. Watampeleka kwa mganga. Watapiga simu ofisini. Loisi atajua.

"Hakuna kitu," Shamimu akasema.

Mkono ulibaki umenyooshwa. Muda mrefu.

"Hata wewe," Mwanahawa akasema.

Shamimu aligeuka. Alipanda bodaboda. Hakutazama nyuma.

*

Ilianza kwa muuza magazeti, mzee wa mtaani kwao. Shamimu alimwamkia akipita, na kabla mzee hajajibu, marahaba ikaitikwa nyuma yake, karibu kabisa na bega. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ikawa hivyo kwa mlinzi wa ofisi, na kwa shangazi zake waliokuja Jumapili.

Basi akaacha kuamkia.

Dodoma mambo hayo hayajifichi. Binti anayewapita wakubwa kama nguzo za umeme anasemwa. Wazee walianza kuguna akipita. Majirani wakafika kwa mama yake: mwanao chuo kimemharibu, kiburi kimemjaa. Shamimu alisikia yote kutoka chumbani, na hakutoka kujitetea, yeye ambaye hakuwahi kushindwa kujitetea.

Mchana mmoja mama alimwita uani, alikokuwa anaanua nguo.

"Umenivua nguo mtaani," alisema. "Nimekulea hivi mimi? Niamkie. Sasa hivi, nikusikie."

"Mama, nakuomba."

"Niamkie!"

Shamimu alifumba macho. "Shikamoo, mama."

Mama alifungua mdomo ajibu.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Mama aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na mtu. Alitazama mlango. Akamtazama mwanawe. Akasogea karibu, polepole, akamwegemea sikioni kama anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shamimu," akanong'ona. "Usiniamkie tena."